Kwenu Mnaosimama Mbele ya Semina kwa Mara ya Kwanza

Wanangu wa uzamili hapa Nairobi,

Nawasalimu. Najua muhula huu wengi wenu mtaitwa na idara kuwasilisha mapendekezo yenu ya utafiti, na hofu imewashika. Nimekaa upande wa watahini miaka mingi, na nimeona vijana wenye hoja nzito wakizifunika wenyewe kwa slaidi. Hilo linaniuma, ndiyo maana nawaandikia.

Kabla ya kuwasha kompyuta, chukua karatasi uandike sentensi moja: unadai nini? Wengi huandika mada wakadhani wamemaliza. "Bei ya maji Mukuru" ni mada. "Familia za Mukuru zinazonunua maji kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko zenye bomba nyumbani" ni dai, na mtu anaweza kulipima. Kila slaidi utakayotengeneza ipitie kwenye sentensi hiyo. Isiyoisaidia itoke, hata kama ulikesha ukiipamba.

Kisha mweleze dai lako mama, shangazi au jirani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Semina yenyewe itakuwa kwa Kiingereza, lakini shangazi hatatishwa na istilahi. Atakuuliza, "Kwa hivyo?" Ukiweza kumjibu, profesa hatakusumbua sana.

Mkumbuke pia saa. Msemaji aliyetulia husema maneno kati ya 120 na 150 kwa dakika. Ukipewa dakika 15, una nafasi ya maneno kama 2,000 tu, na sura tatu za pendekezo lako haziwezi kuenea humo. Chagua mapema cha kuacha, la sivyo mwenyekiti atakukata ukiwa bado kwenye utangulizi.

Sasa grafu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Tuseme unataka kuonyesha jinsi Nairobi ilivyokua. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 3,138,369, na ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Ongezeko ni la asilimia 40 hivi. Ukichora nguzo mbili na mhimili wima ukauanzisha kwenye milioni 3 badala ya sifuri, nguzo ya pili itaonekana ndefu mara kumi kuliko ya kwanza. Hujaandika nambari hata moja ya uongo, ila macho ya wasikilizaji yamedanganywa, na mtahini makini ataliona hilo kabla hujafungua kinywa. Kuanzia hapo atakishuku kila kitu chako. Nguzo zianzie sifuri.

Grafu ikishatokea, usikimbilie hitimisho. Sema kwanza mhimili mlalo unaonyesha nini, wima unaonyesha nini, halafu nyamaza kidogo watu watazame. Kimya hicho kitakuwa kirefu kwako tu, wao wanakihitaji.

Msijaze aya nzima kwenye slaidi. Watu husoma upesi kuliko unavyosema, kwa hivyo ukianza kuwasomea watakuwa wamefika mwisho na wameacha kukusikiliza. Nawe utakuwa umewapa mgongo, jambo ambalo mbele ya wakubwa halipendezi kamwe. Maneno machache, herufi zisipungue ukubwa wa 24, nyeusi juu ya nyeupe. Vyumba vingi vyetu havina mapazia, na jua la saa nane mchana hufuta kila maandishi ya kijivu. Wapo pia wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, hasa wanaume, basi andika jina kando ya kila mstari wa grafu. Nenda ukasimame kwenye viti vya nyuma kabisa ujisomee mwenyewe.

Siku yenyewe, beba kazi yako kwenye flashi, pamoja na nakala ya PDF, kwa sababu kompyuta ya ukumbi inaweza kukubadilishia herufi na mpangilio. Ulizia mapema projekta inatumia kebo gani. Za zamani nyingi ni VGA, na laptopu mpya hazina tundu hilo. Chapisha grafu zako muhimu, maana stima ikipotea semina haiahirishwi. Na wa Rongai na Githurai, tokeni nyumbani mapema, hasa kukinyesha.

Kwenye maswali, sikiliza hadi mwisho, andika, kisha rudia swali kwa maneno yako ili uhakikishe umelielewa. Usimkatize mzee hata akirefusha. Kama hujui, sema, "Ahsante Profesa, hilo sijalichunguza, nitalifuatilia," kisha ulifuatilie kweli na umpelekee jibu ofisini. Na slaidi ya mwisho isiwe neno "Ahsante" pekee. Weka pale dai lako na ushahidi wako mkuu, vibaki ukutani muda wote wa maswali.

Wenu,
Mwalimu mstaafu