Bhutan: ile dola 100 ya kila usiku ni ya nini?

Mteja akiona bei zetu za safari za Bhutan, ile nchi ndogo ya milima ya Himalaya, swali huwa lile lile: "Hiyo dola 100 kwa usiku ndiyo hoteli?" Hapana. Hoteli unalipa kivyake. Hiyo ni ada ya serikali, unatozwa kwa kila usiku utakaolala nchini. Mwaka 2022 waliipandisha hadi 200, mwaka uliofuata wakaishusha kwa nusu. Watoto wa miaka 6 hadi 12 hulipa dola 50, wadogo zaidi bure. Viza ni dola 40 nyingine.

Mtu wa Moshi hashtuki sana. Anajua mgeni anavyotozwa kwa siku Kilimanjaro. Ila Bhutan ni kama nchi nzima imewekewa geti. Katiba yao ya 2008 inataka misitu isipungue asilimia 60 ya ardhi, daima. Mlima Gangkhar Puensum, mita 7,570, haujawahi kufikiwa kileleni, na kuupanda ni marufuku kwa heshima ya roho wanaoaminiwa kukaa huko. Kama unatafuta kilele, basi baki na Kilimanjaro, tutakupangia.

Bhutan nenda kwa ajili ya Taktsang. Ni monasteri ya mwaka 1692 iliyong'ang'ania jabali juu ya bonde la Paro, mahali ambapo Guru Rinpoche, mwalimu mtakatifu wa Ubuddha, anasimuliwa kufika akiwa mgongoni mwa chui milia jike. Moto uliiunguza mwaka 1998, wakaijenga upya. Kupanda ni saa mbili au tatu. Farasi yupo, lakini anaishia katikati. Baadaye ngazi zinakushusha hadi kwenye maporomoko ya maji, halafu zinakupandisha tena, na hapo magoti yatasema. Mlangoni unaacha simu, begi na viatu. Ndani ni sakafu ya baridi inayopenya soksi, na harufu ya taa za siagi. Picha hutapata, na mimi naona ni heri.

Ukishuka, agiza ema datshi. Huko pilipili si kiungo, ndiyo mboga yenyewe, imepikwa na jibini. Kula na wali mwingi.

Jambo moja usilipuuze: ndege hutua Paro mchana tu, rubani akiona bonde kwa macho. Ukungu ukikaa, mnasubiri. Kwa hiyo tiketi ya kurudi nyumbani kupitia Bangkok au Delhi tunaiachia siku moja katikati. Na kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, si kwenye sanduku.