Mbwa wa uso bapa na joto la Moshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwazungumzie mbwa wa uso bapa, yaani pagi na buldogi, ambao siku hizi tunawaona hata mitaani hapa Moshi. Wengi wetu, nami nikiwamo, tulidhani kukoroma kwao ni kichekesho, kumbe ni mnyama anayehangaika kuvuta hewa, kwa kuwa uzalishaji wa kuchagua, yaani kuzalisha mbwa kwa kuteua wazazi wenye uso mfupi, ulifupisha fuvu ilhali nyama za ndani ya pua na koo hazikupungua kwa kiasi hicho, hivyo matundu ya pua huwa membamba na kaakaa laini (nyama laini ya nyuma ya paa la kinywa) huziba njia ya koo. Mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema kuliko kwa jasho; asiyeweza kuhema vizuri huzidiwa upesi, hasa katika joto la Januari na Februari. Atembezwe alfajiri, avalishwe mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni, wala asinenepeshwe (mabaki ya nyama choma kila jioni si mapenzi). Akizidiwa na joto, mmwagie maji mwilini, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo, ambaye baadaye anaweza kushauri upasuaji wa kupanua matundu ya pua na kufupisha kaakaa.

Mfugaji,
Moshi