Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, na wazee wetu shikamooni.

Kwa kawaida taarifa hii huanza na mahudhurio na hesabu. Mara hii nimeviweka mwisho. Tangu tarehe 29 Oktoba, siku ya Uchaguzi Mkuu, wasaidizi wa kisheria wa chama chetu hapa Arusha wamekuwa na kazi moja, kukaa na watu wanaotafuta ndugu zao.

Yaliyotokea mnayajua. Siku ya kura maandamano yalizuka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na hapa kwetu, risasi zikapigwa, intaneti ikazimwa. Tarehe 1 Novemba Rais Samia akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vya Umoja huo, na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema inaaminika waliouawa ni mamia. Matokeo ya urais yakishatangazwa, Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu hairuhusu mahakama yoyote kuyachunguza. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa Arusha, iliamua kuwa ibara hiyo inavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Ipo mpaka leo. Mlango wa mahakama ukifungwa, hasira huenda barabarani.

Mwanzoni mwa Januari 2026 alikuja mama mmoja na picha ya mwanawe kwenye simu. Alikuwa amezunguka mochwari na vituo vya polisi, kila alikofika akiambiwa arudi kesho. Nyumbani walishaweka msiba bila mwili. Nilipomuuliza ana karatasi gani mkononi, hakuwa na hata moja: si RB (namba ya taarifa iliyoandikwa polisi), si barua, si jina la mtu aliyemjibu. Kabla yake alikuja kijana mwenye jeraha la risasi mguuni ambaye hakuthubutu kufuata PF3, fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, kwa kuwa wanaoitoa ndio anaowakimbia. Simlaumu hata kidogo.

Lakini sheria ina saa yake. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo yule mama angeweza kuifikia kwa daladala, hupokea shauri ndani ya miezi miwili tangu tendo litokee au mlalamikaji alijue. Kwa kuhesabu kuanzia tarehe 29 Oktoba, muda ule uliishia akiwa bado anaambiwa arudi kesho. Mahakama ya Afrika nayo haipokei tena mashauri mapya ya mwananchi mmoja mmoja dhidi ya Tanzania, kwani Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililoruhusu hilo. Kumweleza mambo haya lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka huu.

Hata hivyo si yote yamekwisha. Kosa la kuua halina ukomo wa muda. Madai ya fidia yana miaka mitatu, na anayeishtaki Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90.

Novemba 2025 Serikali iliunda Tume ya kuchunguza matukio haya chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wanaotaka kwenda kueleza tutawasindikiza. Ila tume si hukumu. Baada ya mauaji ya Zanzibar ya Januari 2001 tume ilihesabu vifo 31. Hapa mjini, tarehe 5 Januari 2011, watu watatu walikufa polisi walipovunja maandamano ya chama cha upinzani cha CHADEMA. Nilikuwapo, na sijapata kusikia askari aliyepandishwa kizimbani kwa vifo vile. Muuaji asiyeulizwa hujifunza kwamba hataulizwa.

Kamati imeamua tufungue daftari. Kila familia itakayoridhia itaandikwa: jina, saa, mahali, nguo alizovaa, nani alimwona mwisho, walikwenda wapi na walijibiwa nini. Nakala zitakuwa mbili, zitakaa sehemu mbili tofauti, na hakuna jina litakalotoka bila ruhusa ya wenyewe. Naomba msipige picha kurasa zake wala kuzituma kwenye makundi ya simu.

Hesabu zimekaguliwa, mhazini atazisoma. Ada zimechelewa, tunahitaji fedha za fotokopi na viapo.

Zamu ya kwanza ya daftari ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, hapa ofisini. Yule mama amesema atakuja. Nahitaji wawili wenye mwandiko mzuri na subira.