Kwa wajukuu zangu mnaotafuta kozi ya fizikia

Assalamu alaykum, wajukuu zangu wa Kibokoni, Majengo na Kisauni hapa Mombasa, mliokwisha kufanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na sasa mnajiandaa kwa ESAT ya Oktoba, mtihani wa kuombea nafasi ya kusoma sayansi na uhandisi katika vyuo vikuu vya Uingereza.

Nawasikia mkilinganisha kozi za kiangazi za mtandaoni. Kiangazi ni cha Uingereza. Julai na Agosti sisi tuko kwenye kipupwe, kusi yavuma, na mzazi ndiye wa kutafuta hiyo ada. Msilipe kwa pupa.

Kwanza ujueni mtihani wenyewe, huu unaotumiwa na vyuo vikuu vya Cambridge na Imperial. Kila sehemu ina maswali 27 ya kuchagua jibu, dakika 40, bila kalkuleta. Ni chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Kwenye KCSE mlikuwa na kalkuleta, na hata jibu likikosewa mlipata alama za njia. Huku njia haionekani na mtu.

Wiki jana binti mmoja aliniletea daftari lake. Jiwe laachiwa kutoka mita 45 juu, litafika chini baada ya sekunde ngapi? Kanuni aliiandika sawasawa. Kisha, kwa mazoea, akaweka 9.8 kuwa mchapuko wa graviti. Mara mbili ya 45 ni tisini; tisini kugawanya kwa 9.8, halafu kipeuo cha pili cha hiyo, na hapo kalamu ikasimama. Swali lilikuwa limempa 10. Tisini kugawanya kwa 10 ni 9, kipeuo chake 3, kwisha. Fizikia aijua vizuri sana yule mtoto, lakini dakika nne zilikuwa zimekwenda.

Kosa kama lile video haiwezi kuliona. Mwaka juzi nilimlipia mjukuu wangu kozi ya masomo 40, yote ya kutazama. Aliyatazama yote, akajaza daftari mbili, na hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja. Siku ya mtihani muda ulimwishia swali la kumi na tano. Yaniuma hadi leo, maana pesa nilitoa mimi na sikuuliza.

Basi ninyi ulizeni: nani atasoma kazi yangu, na atanirudishia baada ya siku ngapi? Wakianza kuzungukazunguka, achaneni nao. Ombeni pia kuketi somo moja kabla ya kulipa.

Na kabla ya hayo yote, mazoezi rasmi yapo bure kwenye tovuti ya mtihani, na karatasi za NSAA na ENGAA, mitihani ya Cambridge ya sayansi na uhandisi iliyoutangulia, zapatikana pia. Tegeni saa, dakika 40, simu chumba cha pili. Ukikuta umeanguka kwenye saketi za umeme tu, kozi nzima ya nini? Mwalimu wako wa Kidato cha Nne aweza kukunyoosha kwa wiki mbili.

Mimi niko barazani kila siku baada ya alasiri. Njooni na hiyo karatasi ya dakika 40 kama ilivyo, msifute kitu.