Babu, kumbe chatu ana kucha kweli

Leeds, Uingereza
14 Februari

Babu, shikamoo.

Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Hela ya mabati natuma mwisho wa mwezi. Leo nalipa deni jingine.

Unamkumbuka yule chatu aliyemmeza mbuzi wa shangazi kule bondeni? Mlipomuua ulimgeuza kwa fimbo, ukatuonyesha kucha mbili karibu na mkia, ukasema, "Huyu alikuwa na miguu." Tulikucheka njia nzima. Basi wiki iliyopita mwalimu wetu kaweka mezani mifupa ya chatu, na pale pale uliponyooshea fimbo pana vijifupa viwili, kila kimoja na ukucha wake. Masalia ya miguu. Nisamehe, Babu.

Lililonishangaza ni kwamba jeni inayohitajika ili mguu uote, nyoka hajaipoteza. Hawezi kuitupa, maana hiyo hiyo inasaidia kuunda ubongo na utumbo wake angali ndani ya yai. Kilichoharibika ni swichi ya kuiwashia miguuni tu, yaani kipande cha DNA kinachoiamuru ifanye kazi hapo. Ni kama taa ya chumba cha uani igome: sebuleni kunawaka, redio yako inaimba, mita ya LUKU haina kosa. Na swichi yenyewe iko karibu herufi milioni moja za DNA mbali na jeni. Fundi gani angefunga waya namna hiyo!

Mwaka 2016 watafiti wa California waliijaribu kwa panya. Walitoa swichi yake wakaweka ya binadamu, panya akazaliwa na miguu kamili. Wakaweka ya silikanti, samaki huyu huyu anayenaswa kwenye majarife pale Kigombe, na miguu ikaota vilevile, ingawa mwenyewe ana mapezi tu. Walipoweka ya nyoka, vikatoka vigutu. Wakaichunguza ile ya chatu, wakakuta zimepotea herufi 17 ambazo wenye miguu wanazo. Wakazirudisha, panya akapata miguu yake minne. Herufi 17, Babu! Jina langu na la baba tu zinazidi hapo.

Mwalimu anasema yapo na mengine yaliyobadilika, si swichi hiyo peke yake. Lakini kwa chatu bado ina nguvu kidogo: mguu unaanza kuchipua ndani ya yai, halafu unakoma. Swila yake imeharibika zaidi, ndiyo maana hana hata kucha.

Sasa nijibu: zile kucha za yule chatu zilikuwa ndefu kiasi gani? Dume huwa nazo kubwa kuliko jike, na humpapasia jike wakati wa kupandana. Hapo usimsomee bibi.

Mjukuu wako