Wifi, turubai lingekaa upande wa choo

Wifi yangu,

Hupokei simu zangu tangu arobaini ya mama, nami nimechoka kutuma salamu kupitia watoto. Naandika hapa. Wengine wasiohusika watanivumilia.

Unajua ninachotaka kusema. Siku ile ya Oktoba, mwili haujaletwa bado, vijana wamebeba turubai begani wanauliza waliweke wapi, wewe ukanyoosha mkono: "Hapo hapo." Hapo hapo palikuwa na matuta ya mama. Mchicha, maboga, na ile minyanya mitatu iliyofungwa na vipande vya kanga kuukuu. Wakachimbia nguzo. Wakapanga mafiga. Ilipofika jioni wapishi walikuwa wanamwaga ukoko na maji ya vyombo pale pale, mimi nimekaa mkekani naangalia. Nilivyolia siku ile, nililia mchicha. Watu wananishika bega, "pole, mama amepumzika," naitikia.

Usiku nikatoka na tochi ya simu, nikapukuchua mashuke yaliyokaukia pembeni mwa ukuta, nikafunga mbegu kwenye pindo la kanga.

Nimezipanda hapa Dodoma, Nkuhungu, nyuma ya nyumba. Cheka tu. Mimi niliyekuwa siwezi kutofautisha mgagani na bangi! Mara ya kwanza nikainua matuta kama ya watu wa Morogoro, maji yakakimbilia njiani. Mvua yetu kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, tena karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Huku tuta linazamishwa kama sahani. Mara ya pili samadi mbichi ya mbuzi ikaunguza miche. Sasa naweka matandazo ya nyasi kavu, namwagilia alfajiri kabla ya kazi. Maji ya kisima cha jirani yana chumvi, yanaacha weupe juu ya udongo, kwa hiyo nayachanganya na ya kuoshea mboga. Najua chungu wanatokea wapi. Najua upepo wa Agosti unaanza saa ngapi kupiga mabati, na natoka kuziba miche kwa ndoo hata nikiwa na kitenge tu. Na wewe ungeanza tena, Wifi. Moyo unatulia ukishika udongo.

Unasema nilikuwa kilomita kama 40 tu kutoka kwa mama, Mvumi, na nikaja mara mbili. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, sisi wa ofisini Jumamosi hatuijui. Na hela ya dawa nilituma. Kila mwezi nilituma, meseji zipo, naweza kukuonyesha.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Mwezi uliopita nilikwenda semina siku tatu. Nimerudi, mchicha umelala chini kama nguo. Siku tatu! Nikachuchumaa pale nikaanza kuhesabu. Mama hakuinuka kitandani tangu Saba Saba. Mvua ya mwisho ilikuwa Aprili. Na siku ya turubai mchicha ulikuwa unanifika magotini, udongo una unyevu, maana niliupapasa usiku ule kwa mkono huu.

Madumu yale ya lita 20 ulikuwa unabeba wewe. Unamgeuza mama, unamlisha, halafu unakwenda kumwagilia ili akiuliza dirishani umwambie bado ipo.

Kwa nini hukusema? Umeniacha miezi kumi nikununie kwa bustani uliyoilea mwenyewe, uliyoruhusu ikanyagwe kwa sababu watu walihitaji kivuli. Hilo nalo ni kosa lako, samahani.

Na turubai lingekaa upande wa choo. Nafasi ilikuwepo.

Nakuja Jumamosi. Mbegu nimekufungia kwenye kanga ile ile. Kama bado hutaki kuniona, mwachie mtoto dumu anisindikize bombani, maana hilo bomba sijui liko wapi.