Asante, dada uliyeniandikia pembeni

Dada uliyeongoza chumba chetu kidogo kwenye mkutano wa mtandaoni wa wahasibu, popote ulipo, asante sana. Wenyeji walikuwa wanataniana kwa mambo yao ya zamani, nami nimezima kamera, nasubiri tu kikao kiishe. Ukaniandikia pembeni: "Karibu! Uko upande gani, kodi au ukaguzi?" Nilipojibu ukaguzi, hukunilazimisha nijitambulishe mbele ya wote (zile zamu za kujitambulisha hunitoa jasho). Ulimwita kaka mmoja anayekagua biashara ndogo kama mimi, ukatuachia swali la kuhesabu mali ghalani, kisha ukanyamaza. Hapo ndipo ulipoonyesha unaijua kazi ya kuongoza chumba. Tuliongea mpaka chumba kikafungwa, na juzi amenitumia fomu yake ya kuhesabia bidhaa.